Naomba ushauri: doti nyekundu ipi kwa bastola ya mashindano?

Njiapanda: Wakuu, salaam. Nashindana IPSC (mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola, kwa kasi), slaidi yangu, yaani chuma cha juu cha bastola, imetoka kiwandani ikiwa na sehemu ya kufungia doti, kile kilenga cha kioo chenye nukta ya mwanga. Nataka kubadilisha niliyonayo, nimebaki na mbili: Trijicon SRO au Holosun 507COMP. Ipi, na MOA (ukubwa wa nukta) ngapi? Jibu fupi tu, usingizi sipati.

BabaShabaha: SRO. Dirisha pana, doti unaiokota mara tu bastola ikitoka kwenye holsta. Mjadala umefungwa.

Mzee wa Chuma: Kilenga cha chuma hakiishiwi betri. Doug Koenig alipochukua ubingwa wa dunia wa IPSC mwaka 1990 akiwa na doti, nilisema mchezo umeingiliwa. Mpaka leo mke wangu ananiambia nihamie huko, maana cha mbele sikioni vizuri. Sihami.

Fundi Slaidi: MOA 1 ni kama sentimita 2.9 kwa mita 100. Kwa hiyo doti ya MOA 5, kwa mita 25, inafunika kama sentimita 3.6 za shabaha. Steji za karibu utaifurahia, sahani ndogo za mbali utailaani. Halafu kwenye slaidi doti inakwenda na kurudi kwa kila risasi: kaza skrubu kwa kipimo cha mtengenezaji, tia gundi ya nyuzi, chora mstari wa rangi kutoka skrubu hadi bodi. Mstari ukikatika, imelegea. Ila mkuu, uliyonayo ina nini?

Njiapanda: Haina kitu. Nabadilisha tu.

Fundi Slaidi: Nani anapoteza usingizi kwa "nabadilisha tu"? Sema.

Njiapanda: Haya. Doti haiko duara. Ina mkia kama koma, nikipandisha mwanga inatawanyika kama nyota. Nikaazima ya mwenzangu, mkia. Nikaazima nyingine, mkia. Viwanda vya siku hizi ovyo kabisa.

Miwani Nene: Doti tatu mbovu, jicho moja zima? 😂 Hiyo ni astigmatizimu, jicho lenyewe haliko duara sawasawa, hata mimi ninayo. Toa magazini, kagua chemba, kagua tena. Kisha piga picha ya doti kwa simu kupitia kioo chake. Ikitoka duara, ugonjwa uko kwako. Au chungulia doti kupitia tundu la sindano kwenye karatasi, mkia unapungua. Ukishajua, shusha mwanga, na jaribu doti ya kijani, wengine huwatulia. 507COMP ina duara unazoweza kuwasha badala ya nukta, zikivurugika kidogo bado unaona katikati.

Njiapanda: Macho yangu mazima. Miwani inateleza nikitoka jasho. Na kwa mkia huohuo mwaka jana nilifanya vizuri kwenye daraja la Production, hakuna aliyelalamika.

Kanuni Kwanza: Simama hapo. Production ni vilenga vya kawaida, doti hairuhusiwi. Aliyekukagua alikuwa amefumba macho? Hii chai.

BabaShabaha: Chai na tangawizi. Nilishaanza kushangaa mtu anaazimwa doti kama kiberiti.

Njiapanda: Production Optics, daraja la wenye doti! Nimefupisha. Mnashika maneno badala ya kusaidia.

Kanuni Kwanza: Weka picha ya slaidi basi.

Mzee wa Chuma: Mwacheni kijana. Chai au si chai, mimi hiyo ya tundu la sindano nimeijaribu sasa hivi kwenye kilenga changu. Wallahi nimekiona cha mbele.

Miwani Nene: Mzee, nenda kapimwe macho.

Njiapanda: Picha ya slaidi siweki. Ya doti nimepiga. Iko duara.

Fundi Slaidi: Basi jibu umelipata. Usinunue kitu kwanza.

Njiapanda: SRO ya MOA 5 nimeshalipia juzi.

Miwani Nene: Hongera. Mkia utakuwa mnene zaidi.