Shanga za bibi ziingie kitabuni au zibaki sandukuni?

Binti wa Mikindani: Shikamooni wakubwa. Bibi mzaa mama katuachia sanduku la bati, nami natengeneza kitabu cha mkono, nakala moja tu, kurasa zake ni vitu vyenyewe. Kanga yake ya "Japo sipati tamaa sikati" nimeikunja marinda: ukiifungua, jina linatoka neno moja moja. (Mama alininunia siku mbili nilipotia mkasi kwenye pindo.) Zimo risiti za korosho za msimu wa 1973/74, ule wa tani 145,000 nchi nzima ambao wazee huku bado wanausimulia. Zote zina jina la babu. Aliyeinama chini ya mikorosho kuokota ni bibi. Basi kila risiti nimemtobolea jina lake kwa sindano. Usoni huoni kitu, ukiinua dirishani linawaka.

Kilichonishinda ni shanga za kiunoni. Na ipo ndonya, lile pambo la mdomoni, ya mama yake bibi, ya mpingo. Niweke?

Mama Newala: Marahaba mwanangu. Ndonya weka bila wasiwasi, ilivaliwa mdomo wa juu, sokoni na kisimani kila mtu aliiona. Shanga ni za chumbani. Mimi ni kungwi, na ya unyagoni hatuyaaniki. Kitabu chako si kitapita mikononi mwa wanaume?

Fundi Majalada, Lindi: Kitapita, dada, mimi mmojawapo! Ya unyago siyaingilii. Ila binti, gundi ya wanga usiiguse, mende watakimaliza kabla ya masika. Shona kwa uzi wa katani uliopakwa nta. Ndonya ni nene, itapasua mgongo wa kitabu. Kata tundu katikati ya kurasa kumi hivi, ikae humo.

Chuno_boy: Hiyo kanga ungenipa nimpelekee mchumba 😂

Mama Newala: Wewe kanunue doti mpya, acha ubahili.

Binti wa Mikindani: Asanteni. Mama Newala, je, nikizishona ndani ya mfuko wa kaniki, ukurasa wa mwisho, bila mdomo? Anayefungua atazipapasa tu, atasikia zikigongana.

Mama Newala: Bila mdomo kabisa? Hapo sina neno. Ila akushonee mama yako, usishone wewe.

Binti wa Mikindani: Bado amenuna.