Kabanga: majina ni mengi, historia ya umiliki inafuatiliwaje?

Swali

Wakuu, naandaa maelezo ya historia ya mradi wa nikeli wa Kabanga, Ngara. Kila ripoti ina jina lake: UNDP (Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa), Sutton, Barrick, Falconbridge, Xstrata, Glencore, sasa Tembo Nickel. Je, leseni iliuzwa mara zote hizo? Na anayetaka kuhakiki eneo lolote la madini, hata dogo, aanzie wapi?

Jibu la 1

Mkuu, tenganisha mshika leseni na anayemmiliki mshika leseni. UNDP hakuwa mmiliki, ulikuwa mradi wa utafiti wa 1976 hadi 1979, nao ndio uliochoronga (kutoboa mwamba kwa mashine) na kukuta nikeli. Sutton Resources ya Canada iliingia miaka ya 1990. Mwaka 1999 Barrick hakununua leseni, alinunua Sutton yenyewe. 2005 Falconbridge akawa mbia, 2006 akanunuliwa na Xstrata, na 2013 Xstrata ikaungana na Glencore. Kiti ni kile kile cha ubia, majina matatu.

Mkato halisi ni 2018. Kanuni mpya zilifuta leseni zote za kuhodhi maeneo (za kushikilia eneo lenye madini kwa muda bila kulichimba), na Kabanga ilikuwa inashikiliwa kwa leseni ya aina hiyo. Leseni kubwa ya Tembo Nickel ya Oktoba 2021 ni haki mpya kabisa, Serikali ikiwa na hisa 16% katika kampuni hiyo. Ukiandika kwamba wamerithi leseni ya Barrick, umekosea.

Jibu la 2

Naongezea: leseni ilifutwa, data haikufutwa. Ripoti na matokeo ya maabara vilibaki mikononi mwa Barrick na Glencore, ikabidi wawekezaji wapya wavinunue.

Kwa eneo lolote, anza na ramani ya leseni ya Tume ya Madini mtandaoni. Usiishie kwenye leseni hai, omba na zilizokwisha muda au kufutwa. Halafu nenda ofisi ya Afisa Madini Mkazi ukasome faili lenyewe: uhamisho, mikataba ya ubia, migogoro ya mipaka. Wanahisa wa kampuni watafute BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Ripoti za zamani ziulizie GST (taasisi ya jiolojia ya Tanzania) Dodoma kwa namba ya kipande cha ramani, kwa sababu majina ya vijiji hubadilika.

Jibu la 3

Hapo kwenye ramani kuwa makini sana. Za zamani zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani, GPS yako inasoma WGS84, mfumo wa sasa. Usipogeuza majira-nukta (namba zinazoonyesha mahali), shimo la kuchoronga linahama takriban mita 300, na kwenye leseni ndogo ya hekta 10 hiyo inatosha kukutoa nje ya bikoni (nguzo za mipaka).

Kuhusu miamba choronge ya nikeli, yaani vipande vya mwamba vilivyotolewa kwenye mashimo ya kuchoronga, usiipime upya bila kuiangalia. Yenye pirotaiti (madini ya chuma na salfa) nyingi huoza ghalani: uso unakuwa na kutu ya kahawia, juu unga mweupe, ukiishika inamomonyoka. Sampuli ya namna hiyo haiwezi kulingana na vipimo vya awali. Chagua vipande vigumu, hakikisha alama za kina kwenye trei zinasomeka, ndipo ulinganishe.