Wenye figo mnaosubiri mashine au mlioanza: presha mnaiwezaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, figo zangu zimeshuka chini ya asilimia 15 na daktari kasema nijiandae kusafishwa damu. Mashine siiogopi sana, naogopa presha. Nameza dawa aina tatu, bado asubuhi nakuta 170 kwa 100. Mliotangulia, ilikuwaje?

Mama Pacha: Pole kaka. Mimi mwaka wa nne kwenye mashine, mara tatu kwa wiki, saa nne nne. Kabla ya hapo nilikuwa kama wewe, dawa zinaongezwa, presha haisikii. Kumbe maji! Figo zikishindwa kutoa chumvi na maji, vinabaki mwilini na presha inapanda. Jioni nikivua soksi naona mpira umeacha mfereji mguuni, nalaumu soksi. Waliponifikisha uzito mkavu, yaani uzito bila maji ya ziada, dawa mbili zikaondolewa. Tafuta mzani, jipime kila asubuhi ukitoka msalani. Kilo mbili kwa siku mbili si mnofu hizo.

Mzee Kijana: Mimi kinyume, yangu inashuka. Siku moja nilienda na kilo nne za maji, uzembe wangu. Saa ya tatu nikaanza kupiga miayo. Miayo tu! Nesi akanitazama, akapima: 80 kwa 50. Akanilaza, miguu juu, akapunguza uvutaji wa maji, akanirudishia drip kidogo. Na asubuhi hiyo nilikuwa nimemeza dawa ya presha. Daktari akaihamishia jioni kwa siku za mashine. Ya kwako usiihamishe mwenyewe, muulize.

Namuuguza mama: Mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili kuchomekwa sindano za mashine, haufungwi kipimo cha presha, wala kutolewa damu ya vipimo. Kuna mahali walitaka kuufunga, mama akauficha mgongoni kama mtoto aliyeiba. Presha ikishuka sana fistula inaweza kuziba, ndiyo maana kila asubuhi anaigusa asikie kama bado inanguruma. Na wewe kaka ambaye hujaanza, uliza watatumia mkono gani, uanze kuukinga na sindano sasa.

Kimya Kimya: Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, achana nazo. Mgongo ulinipeleka huko, presha ikapaa na figo zikaporomoka. Zile chumvi mbadala nyingi ni potasiamu, kwetu sisi inaweza kusimamisha moyo.

Mwenye mada: Asanteni sana. Nimevua soksi sasa hivi. Nimebonyeza kidole, shimo limebaki. Keshokutwa nina kliniki, nitamwambia daktari.

Mama Pacha: Ukilala chali unapumua vizuri?

Mwenye mada: Hapana dada. Wiki hii nalalia mito mitatu, jana nimelala nimekaa.

Mama Pacha: Kaka, hiyo si ya keshokutwa. Maji yanaweza kuwa yamefika kwenye mapafu. Nenda hospitali usiku huu, mtu akusindikize, na dawa zako zote zibebe.