Natafuta ukurasa, napewa insha: injini za utafutaji zimetugeuka

Wakuu, naomba niliseme hili bila kuremba maneno. Kazi ya injini ya utafutaji ni kumfikisha mtu kwenye ukurasa. Unaandika maneno yako, unapewa viungo, unachagua mwenyewe nani wa kumsoma na nani wa kumpita. Leo ukiuliza swali, kinachotangulia ni aya kadhaa zilizotungwa na modeli ya lugha, yaani programu ya akili mnemba inayotunga maandishi, yanafuata matangazo, yanafuata maboksi ya video na "watu pia huuliza". Kiungo cha kawaida kimesukumwa chini kiasi kwamba kwenye simu unatelezesha kidole mara mbili au tatu ndipo ukione. Na hili tunaletewa kama zawadi!

Sina ugomvi na akili mnemba kuwepo. Anayeitaka aifungue aiulize. Ugomvi wangu ni kuichomeka katikati ya msomaji na chanzo, bila kuombwa, na bila swichi ya kuizima.

Wengi wanadhani ule muhtasari ni ukweli uliochujwa. Hapana. Mtambo unachukua swali lako, unaokota kurasa chache kwenye faharasa yake, yaani orodha ya kurasa ilizozikusanya, unakata vipande vya maandishi na kuiwekea modeli mbele yake. Modeli nayo inaandika kwa kukadiria kipande gani cha neno kinafaa kufuata. Hapo kuna hatua mbili, kuokota na kuandika, na kila moja inaharibika kwa namna yake.

Kuokota kukileta ukurasa mbovu, modeli inauandika upya kwa sauti ileile ya uhakika. Mei 2024 Google walipowafungulia watumiaji wa Marekani AI Overviews, ndiyo ile mihtasari ya juu ya matokeo, hazikupita wiki nyingi mtambo ukawashauri watu watie gundi kwenye sosi ya piza ili jibini isiteleze, na wale walau jiwe dogo moja kwa siku. La gundi lilitoka kwenye utani ambao mtu aliuandika kwenye jukwaa la Reddit zaidi ya miaka kumi nyuma. La mawe lilitoka The Onion, chombo ambacho kazi yake yote ni habari za kejeli. Hebu tazameni kilichotokea hapo. Kwenye orodha ya viungo, jina The Onion lingekuwa juu ya kichwa cha habari, na msomaji angejua palepale kwamba huu ni mzaha. Muhtasari ulilivua lile jina, ukaacha maneno peke yake, yakaonekana ushauri wa afya. Jina la aliyesema ni sehemu ya taarifa yenyewe, na ndilo la kwanza kutupwa.

Kuandika nako kunaharibika hata kurasa zikiwa nzuri. Hili linawaumiza zaidi watu wa kompyuta. Unatafuta namna ya kubadili mpangilio fulani kwenye programu. Ukurasa mmoja unaeleza toleo la zamani, mwingine unaeleza toleo jipya, na kila mmoja uko sahihi kwa toleo lake. Modeli inachukua hatua ya kwanza na ya pili huku, ya tatu na ya nne kule, inakupa maelekezo manne yaliyopangwa vizuri ambayo hayapo kwenye toleo lolote duniani. Mtu anabaki kutafuta kitufe ambacho hakijawahi kuwepo, anadhani kasoro ni yake. Ukifungua kurasa zile mbili zenyewe, namba ya toleo iko juu kabisa na tarehe iko chini ya kichwa. Dakika moja, umemaliza.

Kwa nini mtambo hausemi tu "sijui"? Septemba 2025 watafiti wa OpenAI, kampuni ya ChatGPT, walichapisha maelezo ambayo kila mtumiaji angepaswa kuyafahamu: mitihani mingi inayotumika kupima modeli inatoa alama kwa jibu sahihi, na inatoa sifuri kwa kosa sawasawa na kwa "sijui". Mwanafunzi wa mtihani wa namna hiyo atabahatisha kila swali, kwa sababu kubahatisha hakumpunguzii kitu. Modeli imefunzwa na kupangwa madaraja kwa utaratibu huohuo, halafu tunashangaa inapotunga.

"Lakini si inaweka viungo vya vyanzo pembeni?" Inaweka, na ndipo ninapokasirika zaidi. Machi 2025, Tow Center, kituo cha uandishi wa habari cha Chuo Kikuu cha Columbia, ilipima zana 8 za kutafutia zenye akili mnemba. Kazi ilikuwa rahisi: zana inapewa dondoo la makala, itaje kichwa cha habari, chombo kilichochapisha, tarehe na kiungo. Kati ya maswali 1,600, zaidi ya asilimia 60 yalijibiwa vibaya. Oktoba mwaka huohuo, Umoja wa Utangazaji wa Ulaya na BBC walitoa matokeo ya kupitia majibu zaidi ya 3,000 ya habari katika lugha 14: asilimia 45 yalikuwa na angalau kasoro moja kubwa, na asilimia 31 yalikuwa na kasoro kubwa kwenye vyanzo. Kwa hiyo kile kiungo kidogo cha pembeni kinaweza kukufikisha kwenye ukurasa ambao hausemi kilichoandikwa kwenye muhtasari.

Na wangapi wanakibofya? Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, walifuatilia utafutaji wa Wamarekani 900 mwezi Machi 2025. Muhtasari ukiwepo, mtu alibofya kiungo cha kawaida asilimia 8 ya nyakati. Usipokuwepo, asilimia 15. Viungo vilivyo ndani ya muhtasari wenyewe vilibofywa asilimia 1 tu. Aliyekaa akaandika, akapima, akapiga picha, hapati msomaji. Akiacha kuandika, mtambo utaokota nini?

Wenye tovuti wamebanwa kona mbaya sana. Ukiweka Google-Extended kwenye robots.txt, faili inayoziambia roboti za mtandao zisiguse nini, unazuia maandishi yako yasifunze Gemini, modeli za Google, lakini hujatoka kwenye AI Overviews, maana zile zinatumia roboti yuleyule wa utafutaji, Googlebot. Kutoka kule unahitaji alama ya nosnippet, na nosnippet inafuta pia yale maelezo mafupi chini ya kiungo chako kwenye matokeo ya kawaida. Yaani uchague: utoe kazi yako bure, au uonekane kama duka lisilo na bango. Huo si uhuru wa kuchagua hata kidogo.

Wakati huohuo zana za kukagua zinaondolewa moja baada ya nyingine. Alama ya kujumlisha iliyolazimisha neno liwemo iliondolewa 2011. Viungo vya nakala iliyohifadhiwa, vilivyokuokoa tovuti ikizimika au makala ikibadilishwa kimyakimya, viliondolewa 2024. Septemba 2025 ikafa num=100, nyongeza ya kwenye anwani iliyokuwa inakuonyesha matokeo 100 kwa ukurasa mmoja. Kila kilichomsaidia mtafutaji makini kinapunguzwa, na kila kinachomfanya asitoke pale kinaongezwa.

Msiniambie ni ushindani. Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google ilihodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na kesi hiyo ilifichua kuwa mwaka 2021 peke yake ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo la kwanza kwenye simu na vivinjari vya watu. Waanzilishi wa Google wenyewe, Larry Page na Sergey Brin, kwenye andiko lao la 1998 wakiwa Stanford, waliandika kwamba injini inayolishwa na matangazo itaelemea kwa watangazaji na kuwapa mgongo watumiaji. Walijua kabla ya sisi kujua.

Niende kwenye habari za teknolojia, maana nazo zinatusaidia kupotea. Kichwa cha habari "akili mnemba yawashinda mawakili" kilizunguka dunia nzima Machi 2023, baada ya OpenAI kusema modeli yao ya GPT-4 imefanya mtihani wa uwakili na kuwa kwenye asilimia 10 ya juu. Baadaye uchambuzi uliochapishwa kwenye jarida la kitaaluma ulionyesha kuwa ile asilimia 10 ilitokana na kulinganisha na watahiniwa wa Februari, ambao wengi wao ni waliofeli Julai na wanarudia. Ukilinganisha na watahiniwa wa Julai, modeli inashuka mpaka kuwashinda chini ya watahiniwa 69 kwa kila 100, na kwenye insha takribani 48. Masahihisho hayo hayakupata hata robo ya kelele za kichwa cha kwanza. Mkisoma habari ya namna hii, tafuteni mambo matatu kabla ya kuisambaza: modeli imelinganishwa na nani, ilipewa majaribio mangapi kwa kila swali, na kama maswali yale yalishakuwepo mtandaoni wakati inafunzwa. Habari isiyo na hata moja kati ya hayo ni tangazo la biashara.

Vyombo vya habari navyo vikaanza kuitumia kuandika. CNET, tovuti ya habari za teknolojia, walichapisha makala 77 zilizoandikwa kwa mtambo, na mwanzoni mwa 2023 wakalazimika kusahihisha 41. Mojawapo ilieleza kwamba ukiweka dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwaka, utapata faida ya dola 10,300. Faida ni dola 300. Zile 10,300 ni jumla. Hilo ni somo la hesabu za shule ya msingi, lakini sentensi ilikuwa laini hivi kwamba ilipita.

Na sisi tunaoandika Kiswahili tuna mzigo wa ziada. Modeli haisomi maneno, inasoma vipande vilivyokatwa kwa kufuata mara ngapi vinajitokeza kwenye maandishi iliyofunzwa nayo, na maandishi hayo kwa sehemu kubwa ni Kiingereza. Neno kama "hawatatuambia" limebeba kukanusha, mtenda, wakati, mtendewa na kitendo. Linakatwa ovyo, si pale ambapo sarufi inakata, na linatumia vipande vingi kuliko neno moja la Kiingereza. Ile "ha" ya mwanzo ikipotea njiani, maana imegeuka kabisa. Kwenye maelekezo ya dawa au ya umeme, hilo ni jambo la hatari.

Sasa vya kufanya leo, maana kulalamika peke yake hakutoshi.

Kwenye kompyuta, fungua mipangilio ya kivinjari, nenda sehemu ya injini ya utafutaji, ongeza mpya. Jina weka lolote, kifupisho weka herufi moja, na kwenye anwani andika https://www.google.com/search?q=%s&udm=14 kisha ifanye iwe chaguo la kwanza. Ile udm=14 inafungua kichupo cha Wavuti moja kwa moja: viungo vitupu, hakuna muhtasari. Kosa la kawaida ni kusahau %s. Ukiisahau, maneno yako hayafiki. Kwenye Android, Firefox inakuruhusu kuongeza anwani hiyohiyo. DuckDuckGo, injini nyingine ya utafutaji, nao wana swichi za kuzima majibu ya akili mnemba kwenye mipangilio yao, ila mjue matokeo yao mengi yanatoka Bing, injini ya Microsoft, kwa hiyo jambo likikosekana Bing, msitegemee kulipata kule.

Ujumbe wa kosa kwenye programu uweke wote ndani ya alama za nukuu, lakini ondoa kwanza jina la faili na namba zinazohusu mashine yako, la sivyo hutapata kitu. Ukitaka maandishi ya kabla ya wimbi la makala za mitambo, ongeza before:2022-11-01, yaani kabla ChatGPT haijafunguliwa mwishoni mwa Novemba 2022. Tahadhari: tarehe ile injini inaikadiria, na tovuti nyingine zinabadili tarehe bila kubadili maandishi. Kwa nyaraka rasmi tumia site: (tovuti moja tu) na filetype:pdf (faili za PDF tu) kwa pamoja. Nakala za zamani ziko Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya kurasa za zamani.

NYONGEZA baada ya majibu yenu:

Kwa mliosema "mbona ukiiuliza kama ina uhakika inajirekebisha": hapana, wakuu. Mwaka 2023 mawakili wawili huko New York waliwasilisha mahakamani kesi sita ambazo hazipo, zilizotungwa na ChatGPT. Mmoja wao aliiuliza kama kesi zile ni za kweli, ikamjibu ndiyo, zipo. Wakapigwa faini ya dola 5,000. Kuuliza mtambo uthibitishe maneno yake ni kuufanya ubahatishe mara ya pili. Itumie pale ambapo unaweza kukagua jibu kwa mkono wako: fomula ya jedwali unayoweza kuijaribu, msimbo mfupi unaoweza kuuendesha, rasimu ya barua ambayo mambo yake unayajua. Dozi, sheria, namba ya simu ya huduma kwa wateja, tarehe ya mwisho ya kitu chochote: fungua ukurasa wenyewe. Namba za simu hasa, maana matapeli hupanda namba zao kwenye kurasa za hovyo wakijua zitaokotwa.

Kwa mliouliza tunadai nini: swichi moja kwenye mipangilio ya akaunti, ukiizima izimike na ibaki imezimika kwenye simu na kompyuta. Jina la chanzo liandikwe ndani ya sentensi yenyewe, lisifichwe nyuma ya alama ndogo. Na mwenye tovuti aruhusiwe kujitoa kwenye muhtasari bila kupoteza maelezo ya kiungo chake. Mkibofya kitufe cha maoni chini ya muhtasari, andikeni hayo matatu.