Mshairi Mkristo akinyamaza chini ya udhalimu: ni woga au ni msimamo?

Wapendwa, nalileta hili hapa kwa sababu tulilibishania Jumapili baada ya ibada tukaachana bila kupatana. Mwenzetu mmoja alisema msanii Mkristo anayeishi chini ya serikali inayofunga watu bure, asipoikemea, ni mshiriki wa uovu wake. Nikamtajia Bohuslav Reynek. Akanijibu: "Huyo ndiye hasa ninayemsema."

Kwa wasiomjua: Reynek alizaliwa mwaka 1892 Petrkov, kijiji kidogo katika nchi ya leo ya Ucheki, akafia huko huko 1971. Mkatoliki, mshairi, mfasiri, mchoraji. Mkewe, Suzanne Renaud, alikuwa mshairi Mfaransa kutoka Grenoble. Wanazi waliwaondoa shambani kwao 1944. Vita vikaisha, wakarudi. Wakomunisti wakashika nchi Februari 1948, na shamba likataifishwa. Mzee akabaki kibarua kwenye ardhi ya baba yake, akilisha nguruwe wa serikali. Mashairi yake mapya hayakuchapwa. Yalipita mkono kwa mkono yakiwa yamepigwa taipu.

Hoja ya mwenzangu ina uzito, siifichi. Jan Zahradníček, mshairi Mkatoliki wa zama zile zile, alikamatwa 1951 na kuhukumiwa miaka 13. Mwaka 1956 binti zake wawili walikufa kwa uyoga wenye sumu. Alitolewa akawazike, kisha akarudishwa gerezani. Aliachiwa 1960, na mwaka haukuisha akafa. Ukimweka Reynek kando ya mtu huyo, unaona kwa nini wengine wanamwona kama aliyejificha zizini.

Lakini serikali ile haikutaka washairi wanyamaze. Ilitaka waimbe. Ilitaka beti za trekta, za mavuno, za Stalin, na waliozitunga walichapwa wakalipwa. Mtu mwenye kipaji kile akiwanyima hata ubeti mmoja, akaona heri ndoo ya nguruwe, huyo kwangu amesema. Wahenga walijua kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tuliokulia kwenye kwaya tunalielewa jambo hili mwilini. Nilikuwa sauti ya pili tulipofundishwa, siku mbili kabla ya ziara, wimbo wa kumpokea mgeni rasmi. Ulikuwa wimbo wetu wa Pasaka. Mwalimu alifuta jina la Yesu ubaoni kwa kiganja, akaandika la mgeni, na silabi zikatosha vizuri. Tuliimba wote. Mimi pia niliimba, na hadi leo ule wimbo hunikwama kooni kila Pasaka.

Tazameni basi alichochora Reynek. Alikwaruza bamba la metali kwa sindano, akapiga chapa nyumbani, na mara nyingi akatia rangi kila nakala peke yake, hivyo nakala mbili za bamba moja hazikufanana. Kristo wake anazaliwa kwenye zizi la kijiji. Maria anampakata Mwanawe aliyekufa penye theluji. Na Ayubu, tena na tena Ayubu! Mtu aliyenyang'anywa shamba na mifugo anamchora Ayubu. Nani nchini mwake alihitaji kuelezwa maana?

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Ndugu mmoja anauliza kama hawakumfunga Reynek kwa sababu hakuwa tishio. Huenda waliamini hivyo. Ila miaka ya 60 vijana walianza kumfuata Petrkov, akiwemo Ivan Martin Jirous, ambaye baadaye alifungwa mara kadhaa kwa kutetea sanaa isiyo na kibali. Diwani mbili za mzee zilichapwa 1969, vifaru vya Wasovieti vikiwa vimeshaingia nchini, na watu wakakuta sauti ambayo haikuwahi kukopeshwa kwa mtu.

Dada aliyeandika kwamba mfungwa anahitaji shahidi, hahitaji picha, hilo sina jibu lake. Zahradníček alistahili watu wa kumsemea hadharani, na ubeti wa theluji haukumfungulia mlango.

Naomba waliowahi kuimba kwenye kwaya kama yetu waseme: yupo mwenzenu aliyefunga mdomo siku ile? Mlimwonaje, na leo mnamwonaje?