Mjadala: Je, ni haki kwa asiye Mwojibwe kutengeneza na kuuza vinasa ndoto?

Wanajamvi, naleta hoja ambayo huguswa juu juu kila inapowekwa picha ya chumba kilichopambwa kwa kinasa ndoto, yaani kile kipete cha mti kilichofumwa nyuzi mithili ya utando wa buibui na kuning'inizwa manyoya. Msimamo wangu ni kwamba kukitundika nyumbani si kosa, lakini kuvifyatua kiwandani kwa maelfu na kuviuza kwa hadithi ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini wasioambulia hata senti, ni dhuluma.

Waojibwe, ambao pia hujiita Waanishinaabe, wanaishi kuzunguka yale maziwa makubwa ya mpakani mwa Marekani na Kanada. Mtafiti Frances Densmore, katika kitabu chake cha mwaka 1929 kuhusu mila zao, alieleza vipete vyenye kipenyo cha takriban sentimita 9, vilivyojazwa uzi mwembamba ambao aghalabu ulitiwa rangi nyekundu, na ambao zamani ulisokotwa kwa nyuzi za mmea unaowasha. Kwa kawaida viwili vilitundikwa kwenye upinde wa ubao wa kubebea mtoto mchanga, ili vinase kila baya kama utando unavyonasa chochote kinachougusa. Kwa hiyo kilikuwa kitu kidogo cha kumlinda mtoto, kilichotundikwa pale alipolala. Haya madude ya upana wa meza, yenye shanga za plastiki na manyoya ya kuku yaliyopakwa rangi, yana undugu wa mbali sana na vipete hivyo.

Wapo wanaosema kwamba wenyewe wameshakitoa, kwa kuwa katika miaka ya 1960 na 1970, wakati mataifa mbalimbali ya wenyeji wa asili yalipokuwa yakiungana kudai haki zao, kinasa ndoto kilipokelewa hata na wasio Waojibwe kuwa alama ya umoja, na leo mafundi wengi wenyeji wanakitengeneza na kukiuza kwa yeyote. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Lakini tazameni jinsi kinavyotolewa pale kinapotolewa kweli. Baada ya mauaji ya wanafunzi katika shule ya Columbine huko Colorado, Marekani, mwaka 1999, jamii ya shule hiyo ilipewa kinasa ndoto cha faraja. Mwaka 2005 msiba kama huo ulipoikumba shule ya Red Lake, katika ardhi ya Waojibwe huko Minnesota, kinasa ndoto hicho hicho kilipelekwa huko. Na baada ya mauaji katika shule ya mji wa Newtown mwaka 2012, watu wa Red Lake walisafiri kukikabidhi kwa wafiwa wa huko, ambao hawakuwa wa kabila lao. Hapo aliyetoa anajulikana, aliyepokea anajulikana, na sababu inajulikana. Mwenye kiwanda hakupewa na mtu.

Marekani inayo sheria ya mwaka 1990 inayokataza kuuza kazi ya mikono kwa kudai au kudokeza kwa uongo kwamba imetengenezwa na wenyeji wa asili. Mtu binafsi anayetiwa hatiani kwa mara ya kwanza anaweza kutozwa faini ya hadi dola 250,000 au kufungwa hadi miaka 5, au vyote viwili. Tatizo ni kwamba sheria hiyo inabana dai au dokezo la uongo peke yake. Muuzaji akiandika kwamba bidhaa yake ni ya "mtindo" wa wenyeji, anaweza kupona, ingawa mnunuzi ameelewa kile kile alichokusudiwa aelewe. Sisi tunaofuatilia madai ya Wamaasai dhidi ya kampuni za nje zinazotumia jina na mitindo yao bila malipo hatupaswi kuliona jambo hili kuwa la mbali.

Suala la kama ni hirizi, na kama muumini anaruhusiwa kuwa nayo, naliachia mashehe na wachungaji.

Kwa upande wangu, ningependa sheria ilazimishe kila bidhaa ya aina hiyo kuandikwa mahali ilipotengenezwa na jina la aliyeitengeneza, kwa maandishi yasiyobanduka, hata pale muuzaji asipodai lolote. Anayeona kwamba sharti hilo litawaumiza mafundi wadogo wenyeji kuliko wenye viwanda, naomba aeleze litawaumiza vipi, kwa maana hapo ndipo ninapohitaji kusikia hoja za upande wa pili.