Bustani ya umma inaingiza pesa za harusi kila wikiendi, kona ya watoto inawachana mapaja. Manispaa mnasubiri mtoto afe?

Wakuu, uvumilivu umenishinda. Nazungumzia bustani ya umma iliyopo kwenye manispaa yetu hapa Dar. Jina silitaji, wanaohusika wanajijua.

Juzi binti wa jirani yangu kachanwa paja na bati la mtelezo. Lile bati limebanduka ubavuni, ncha imesimama juu, na mtoto akishashuka kwa kasi hana pa kujizuia. Kashonwa, kachomwa sindano ya pepopunda, gharama zote kabeba mama yake. Mlinzi wa bustani alichofanya ni kufunga kamba pale kwenye ngazi. Kesho yake kamba haipo, watoto wamepanga foleni kama kawaida.

Bembea ndizo zinanitisha zaidi. Zilikuwa nne, imebaki moja. Ukiinua macho pale juu mnyororo unaposhikana na bomba, utaona pete ya chuma imelika hadi imebaki nyembamba kama njiti ya kiberiti, na juu ya hiyo wanapanda watoto wawili wawili. Huku pwani upepo una chumvi, chuma kisichopigwa rangi ya kuzuia kutu hakidumu. Hilo halihitaji mhandisi, fundi yeyote wa kuchomelea pale mtaani atakwambia.

Na chini je? Zamani palikuwa na mchanga. Masika imeusomba, hakuna aliyejali kuurudisha, sasa zege la kushikilia nguzo limechomoza na vipande vya nondo vinaonekana. Wenzetu wanaojenga viwanja vya watoto kwa kufuata viwango wanaweka mchanga laini wa kina cha sentimita 30 hivi chini ya kifaa kirefu, ili anayeanguka azame badala ya kuvunjika. Wanapima hadi nafasi kati ya fito na fito. Viwango vya Ulaya vinakataza uwazi wa kati ya sentimita 9 na 23 hivi kule juu, kwa sababu mwili wa mtoto mdogo unapita halafu kichwa kinakwama na ananing'inia. Nendeni na rula pale kwenye ukingo wa mtelezo wetu, fito moja imeng'oka, mpime wenyewe.

Sasa niambieni pesa iko wapi. Bustani hii haina njaa. Maharusi wanalipia kupiga picha, kampuni zinakodi kwa mabonanza, mahema yanafungwa Ijumaa yanang'olewa Jumapili usiku, magari yanalipia maegesho. Jukwaa la zege limejengwa jipya kabisa, na ili lipate nafasi walikata ule mkungu mkubwa uliokuwa unawatilia watoto kivuli. Saa nane mchana bati la mtelezo halishikiki kwa joto, na bado kuna vitoto vinajaribu kuteleza kwa sababu hakuna kingine cha kuchezea.

Ukiuliza ofisini unaambiwa bajeti, subirini mwaka mpya wa fedha. Julai inakuja, Julai inapita. Safari hii jibu limebadilika, na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu: wanasema ile kona atapewa mwekezaji, aweke majumba ya kupulizwa na treni ndogo, watoto waingie kwa kulipa.

Hapana. Sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki, akodi eneo lingine. Wanaokuja pale ni watoto wa uswahilini, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, viwanja vya wazi vyote vimeshajengwa, shule zinafungwa geti ikifika Jumamosi. Ukiwatoza kiingilio hao watarudi kuchezea barabarani na bodaboda zinapita. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 31 inataja haki ya mtoto kucheza. Haikusema mtoto mwenye pesa.

Na msituambie haiwezekani. Forodhani kule Unguja ilikuwa imechakaa, ikakarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ikiwa na sehemu ya watoto. Najua pale kulikuwa na mfadhili mkubwa, mfuko wa Aga Khan. Sisi hata hatuombi mfadhili. Tunaomba lori la mchanga, mnyororo mpya, bati la kubadilisha na ndoo chache za rangi. Pesa ya kukodi jukwaa wikiendi chache inalipa vyote.

Linaloniuma kuliko yote ni hili: mafundi wa mtaani walijitolea. Wachomeleaji wawili walisema watafanya bure, wazazi tukaahidi kuchanga vifaa. Tukaambiwa mali ya umma haiguswi bila kibali. Sawa, tukaandika barua, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, ikapelekwa. Mpaka leo ipo mezani kwa mtu. Hawatengenezi, na hawataki tutengeneze.

Kwa hiyo wakuu, ule mtelezo ufungwe leo kwa mabati, kamba watoto wanaifungua. Kile kibali kisainiwe, mafundi wapo tayari hata kesho. Na mapato ya bustani yasomwe hadharani kwenye mkutano wa mtaa, tujue yanayokusanywa na yanakokwenda, kabla mwekezaji yeyote hajakanyaga pale.

Wazazi wa maeneo haya, mwenye picha za zile bembea aziweke hapa chini. Mwenye mtoto aliyeumia pale naye aseme, ili wasije wakadai ni tukio moja. Diwani wetu najua unapita humu, tunasubiri jibu lako, na tutakuuliza tena mkutanoni.